Lishe ya wajawazito wa kipato cha chini nchini Tanzania

Lishe ya wajawazito wa kipato cha chini nchini Tanzania ni suala la afya ya jamii linalohusu chakula anachokula mwanamke mwenye mimba, uzito anaouongeza hadi kujifungua, na uwezo wa kaya yake kugharimia mlo huo. Ushauri unaotolewa kliniki ni uleule kwa wote: kula vyakula mchanganyiko, kuongeza mlo mmoja mdogo kwa siku, kumeza vidonge vya kuongeza damu na kupumzika. Kwa wanawake wengi wa vijijini na wa makazi duni ya mijini, ushauri huo hukwama si kwa kutojulikana, bali kwa sababu ya bei ya vyakula, kazi nzito, msimu wa mwaka na namna chakula kinavyogawanywa nyumbani.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 57 ya wajawazito nchini walikuwa na upungufu wa damu. Utafiti huohuo ulikuta kwamba asilimia 10 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wembamba kupita kiasi, huku asilimia 28 wakiwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Nchi ina matatizo yote mawili kwa wakati mmoja, na mara nyingine yote yamo katika mtaa mmoja au nyumba moja.

Mahitaji ya mwili wakati wa ujauzito

Dhana kwamba mjamzito anapaswa kula maradufu kwa kuwa anakulia watu wawili haina msingi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwanamke mwenye mimba anahitaji nishati ya ziada ya kilokalori 85 hivi kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, 285 katika miezi mitatu ya kati na 475 katika miezi mitatu ya mwisho. Kiasi cha kipindi cha kati kinaweza kupatikana katika bakuli la uji uliotiwa karanga za kusaga, na cha mwisho katika sahani ndogo ya makande.

Kinachoongezeka sana ni mahitaji ya virutubishi. Kwa ujauzito mzima mwili huhitaji takribani gramu moja ya madini chuma kwa ajili ya damu ya mama, mtoto na kondo la nyuma, na kiasi hicho ni vigumu kukipata kwenye chakula pekee, hata katika kaya zenye uwezo. Asidi ya foliki inahitajika mapema sana, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya mwezi wa kwanza, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Upungufu wake huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Iodini inahitajika kwa ukuaji wa ubongo, nayo hupatikana katika chumvi iliyotiwa madini hayo. Chumvi ya mawe inayouzwa kwa kupimwa karibu na mashamba ya chumvi ni rahisi zaidi, lakini mara nyingi haina iodini.

Msichana aliyepata mimba kabla ya miaka 20 ana mzigo wa ziada, kwa kuwa mwili wake mwenyewe bado unakua na unagombea chakula na mimba. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba ya kwanza.

Kuongezeka uzito

Mwanamke mwenye afya njema huongezeka kilo 12 hivi hadi siku ya kujifungua. Mtoto huchukua kilo 3 na ushei, na kondo la nyuma pamoja na maji ya uzazi kilo moja na nusu hivi. Sehemu kubwa iliyobaki ni damu na maji yaliyoongezeka mwilini, mfuko wa uzazi, matiti, na akiba ya mafuta ya kilo 3 hivi ambayo mwili huitunza kwa ajili ya kunyonyesha. Kwa hiyo mama asiyeongezeka huwa anajenga mimba kwa kutumia akiba yake mwenyewe, na akiba hiyo ikiwa ndogo, mtoto naye hupungukiwa.

Viwango vinavyotumika zaidi duniani vilitolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2009. Kwa viwango hivyo, mwanamke aliyekuwa mwembamba kupita kiasi kabla ya mimba aongezeke kilo 12.5 hadi 18, mwenye uzito wa kawaida kilo 11.5 hadi 16, mwenye uzito uliozidi kilo 7 hadi 11.5, na mwenye unene uliokithiri kilo 5 hadi 9. Katika miezi mitatu ya kwanza ongezeko huwa dogo, kuanzia nusu kilo hadi kilo 2, na wapo wanaopungua kwa sababu ya kichefuchefu. Baadaye mwenye uzito wa kawaida hutarajiwa kuongezeka karibu kilo 0.4 kwa wiki. Viwango hivyo vilitokana na takwimu za wanawake wa Marekani, na vinatumika kwingineko kwa kukosekana vingine vilivyokubalika. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, wastani wa ongezeko la uzito huwa chini hata ya kile kiwango cha chini.

Kuvitumia viwango hivyo katika zahanati ya kijijini si rahisi. Vinategemea uzito wa kabla ya mimba, ambao wanawake wengi hawajawahi kuupima. Katika utafiti wa mwaka 2015-16 takribani robo moja tu ya wajawazito walihudhuria kliniki kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo; wengine walifika mimba ikiwa imeshakua, na uzito wa siku hiyo ukawa ndio wa kwanza kuandikwa kwenye kadi. Kwa sababu hiyo wahudumu hutumia pia utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu, ambao hubadilika kidogo sana wakati wa ujauzito. Katika nchi nyingi, mjamzito mwenye mzunguko wa chini ya sentimita 23 huhesabiwa kuwa na hatari ya utapiamlo.

Si kila kilo inayoongezeka hutokana na chakula. Uzito ukipanda ghafla ndani ya siku chache, pamoja na kuvimba uso na mikono, kuumwa sana kichwa au kuona maluweluwe, hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, na mgonjwa anapaswa kuwahishwa kituo cha afya siku hiyohiyo.

Vyakula vinavyopatikana kwa bei nafuu

Kipimo rahisi cha mlo wa mwanamke ni idadi ya makundi ya vyakula aliyokula kwa siku. Kati ya makundi kumi yanayohesabiwa kimataifa (yakiwemo nafaka na mizizi, mikunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za majani ya kijani na matunda), mwanamke anatakiwa apate angalau matano. Mlo wa kaya maskini wa ugali na mboga moja, mchana na jioni, hufikisha mawili au matatu. Mara nyingi shibe ipo. Kinachokosekana ni mchanganyiko.

Hali hiyo huonekana wazi katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Iringa, Njombe na Rukwa hulima mahindi, maharage na viazi vya kulisha sehemu kubwa ya nchi, lakini utafiti wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza kwa udumavu wa watoto kwa asilimia 57, huku wastani wa kitaifa ukiwa asilimia 30. Sehemu ya udumavu huanzia tumboni. Mazao mazuri huuzwa, mama hushinda shambani, na sufuria hubaki na ugali wa sembe.

Sembe yenyewe ni mfano wa namna chakula kinavyopoteza thamani njiani. Mahindi yanapokobolewa, kiini na ganda huondolewa pamoja na sehemu kubwa ya vitamini, madini na mafuta, na pumba huishia kwa kuku na nguruwe. Unga wa dona hubakiza vyote na huwa rahisi zaidi, ingawa katika miji mingi bado huonekana kuwa chakula cha shuleni au cha jeshini. Dona huharibika mapema na inahitaji mahindi safi, kwa sababu yakiwa na ukungu sumukuvu hubaki kwenye unga. Karanga nazo huathiriwa na sumu hiyo. Zilizosinyaa au kubadilika rangi zisiliwe wala kusagwa kwa ajili ya uji.

Katika vyakula vya asili ya wanyama, dagaa ndio wanaomfikia maskini kwa urahisi zaidi. Huuzwa kwa kikombe au fungu, hawahitaji friji, na kwa kuwa huliwa mzimamzima pamoja na mifupa hutoa madini ya kalsiamu pamoja na protini na madini chuma. Dagaa wa Mwanza kwa kawaida huwa na bei ndogo kuliko wa Kigoma, ila waliokaushwa juu ya mchanga huhitaji kuoshwa mara kadhaa. Wakisagwa unga, kijiko kimoja huweza kutiwa kwenye mchuzi wa mboga bila ya kubadilisha sana ladha. Yai moja kwa siku chache za wiki, kibua, au maziwa yaliyochemshwa huongeza ubora wa mlo pale yanapopatikana.

Maharage, choroko, kunde na mbaazi ndiyo protini ya kila siku. Makande ya mahindi na maharage ni miongoni mwa vyakula bora zaidi kwa bei yake, ila huchukua saa nyingi jikoni, na mkaa nao ni pesa. Kuloweka mahindi na maharage usiku mzima hupunguza muda wa kupika, na pia hupunguza kemikali za asili zinazozuia mwili kufyonza madini chuma na zinki. Kazi kama hiyo hufanywa na uchachushaji: togwa, kinywaji cha nafaka na kimea kinachojulikana sana mikoa ya kusini, humfaa mjamzito madhali hakijaachwa kikageuka pombe.

Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga na mlenda hutoa asidi ya foliki na vitamini A. Kisamvu hutwangwa na kupikwa vya kutosha ili sumu yake ya asili iishe. Kikiungwa kwa karanga au nazi huwa chakula kamili zaidi kuliko mboga nyingi. Mboga nyingine hupotezewa vitamini zikichemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maboga, maembe na mapapai hutoa vitamini A pia, na mkoani Kigoma mafuta ya mawese hufanya kazi hiyohiyo.

Madini chuma ya kwenye mboga na maharage hufyonzwa kwa shida. Husaidiwa sana na vitamini C, kwa hiyo ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, pera, chungwa, au maji ya ubuyu wakati wa kula huongeza faida ya mlo uleule. Chai na kahawa hufanya kinyume. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula, desturi iliyoenea karibu kila mahali, huzuia sehemu ya madini hayo yasiingie mwilini. Ikinywewa saa moja au zaidi baada ya kula, madhara hupungua.

Uji wa lishe unastahili neno la peke yake. Sokoni huuzwa unga uliochanganywa nafaka na mikunde ya aina nyingi, na wengi huamini kwamba kadiri aina zinavyoongezeka ndivyo uji unavyokuwa bora. Wataalamu wa lishe wamekuwa wakionya kwamba sivyo: soya na mikunde mingine huhitaji kuandaliwa tofauti kabla ya kusagwa, na mchanganyiko holela huwa mgumu kumeng'enywa na huharibika upesi. Uji wa nafaka moja uliotiwa karanga au maziwa unatosha.

Upungufu wa damu

Mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu hemoglobini yake inapokuwa chini ya gramu 11 kwa desilita, na upungufu mkali ni chini ya gramu 7. Chakula duni ni sababu kubwa, lakini si pekee. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, minyoo ya safura hunyonya damu utumboni, na mimba zinazofuatana upesi humwacha mama bila muda wa kurudisha akiba yake. Ndiyo maana kliniki humpa mjamzito chandarua chenye dawa, dawa ya kuzuia malaria na dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kati ya mwaka 2004 na 2014 vyandarua vilitolewa kwa njia ya Hati Punguzo, ambayo mama aliipata kliniki na kuipeleka dukani.

Hatari yake huonekana zaidi siku ya kujifungua. Kutokwa na damu nyingi baada ya uzazi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi nchini, na mwanamke aliyeingia leba akiwa na damu kidogo hana nafasi ya kupoteza kiasi ambacho mwenzake angekistahimili. Kwenye zahanati isiyo na benki ya damu, usiku, tofauti hiyo huamua uhai.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza kila mjamzito ameze kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Katika utafiti wa mwaka 2015-16, takribani mwanamke mmoja tu kati ya watano alikuwa amevimeza vidonge hivyo kwa siku 90 au zaidi katika mimba yake ya mwisho. Wapo waliochelewa kuanza kliniki, na wapo waliofika wakakuta vidonge vimekwisha. Wengine huacha kwa sababu ya kichefuchefu, kufunga choo, au hofu ya choo kuwa cheusi. Jambo hili la mwisho halina madhara, na anayeelezwa mapema hushtuka kidogo. Kumeza kidonge usiku kabla ya kulala hupunguza kichefuchefu.

Vikwazo vya kaya

Katika kaya inayotegemea jembe, miezi ya kuanzia Desemba hadi Machi ndiyo migumu zaidi sehemu nyingi zenye msimu mmoja wa mvua. Ghala limepungua, bei ya mahindi imepanda, na wakati huohuo ndipo kazi ya kulima na kupalilia inapokuwa nzito. Mimba inayofikia miezi yake ya mwisho katika kipindi hicho hukutana na njaa na jembe kwa pamoja. Mjini msimu hauonekani hivyo, lakini anayeishi kwa kibarua cha siku hununua unga wa kupima, mafuta ya kupima na mkaa wa kopo, na kwa jumla hulipa zaidi kuliko anayenunua gunia.

Mgawanyo wa chakula nao una sura yake. Katika familia nyingi baba na wageni huhudumiwa kwanza, na vipande vya nyama au samaki huelekea huko. Mpishi hula kilichobaki pamoja na watoto. Uamuzi wa kuuza kuku, mayai au maharage mara nyingi si wa mama. Kwa sababu hiyo mafunzo ya lishe yanayowaita wanawake peke yao huacha nje mtu anayeshika pesa, na miradi kadhaa nchini imeanza kuwashirikisha waume na mama wakwe.

Miiko ya chakula hutofautiana baina ya makabila na vizazi. Unaosikika sana ni wa mayai, kwamba mtoto atazaliwa bila nywele au atakuwa mwizi. Mwingine ni wa kupunguza chakula miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa na uzazi ukawa mgumu. Huu wa pili si ujinga mtupu: kwa mwanamke anayeishi mbali na chumba cha upasuaji, kukwama kwa mtoto njiani ni hofu ya kweli. Tatizo ni kwamba njaa ya mama haimhakikishii uzazi mwepesi, bali humpunguzia nguvu na damu, na humpa mtoto uzito wa chini ya kilo 2.5, ambao huongeza hatari ya kufa katika wiki za mwanzo.

Kula udongo

Wajawazito wengi hupata hamu ya kula vitu visivyo chakula, kama vile mkaa, barafu, mchele mbichi na hasa udongo. Dar es Salaam udongo laini uliokaushwa kwa ajili hiyo huitwa pemba na huuzwa sokoni na kwenye genge pamoja na nyanya na vitunguu. Nchini Kenya, miongoni mwa Waluo, hujulikana kwa jina la odowa. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa wajawazito wenye maambukizi ya VVU ulihusisha ulaji wa udongo na upungufu wa damu pamoja na minyoo. Kipi hutangulia bado hubishaniwa, kwa kuwa upungufu wa madini chuma wenyewe huamsha hamu hiyo, na udongo nao huweza kuzuia madini chuma yasifyonzwe. Kumkemea mama hakusaidii sana. Hamu ya udongo ni sababu ya kupima damu, na huenda ikapungua damu inaporudi.

Uzito uliozidi

Umaskini wa mjini hauleti wembamba tu. Maandazi, chapati, chipsi na soda hujaza tumbo kwa pesa kidogo na bila ya kuwasha moto, jambo lenye maana kwa mwanamke anayelala chumba kimoja na kuuza biashara ndogo tangu alfajiri. Mlo wa mama lishe wa wali, maharage na mchicha huwa bora kuliko chipsi kwa karibu bei ileile, ila hupatikana zaidi mchana. Unene pia huheshimiwa kama ishara ya kutunzwa vizuri, na tangu miaka ya ukimwi kukonda kumekuwa kukizua maneno.

Mjamzito mwenye uzito uliozidi ana hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha mimba, shinikizo la juu la damu, mtoto mkubwa na kujifungua kwa upasuaji. Anaweza wakati huohuo kuwa na upungufu wa damu, kwa kuwa wingi wa nishati haumaanishi wingi wa virutubishi. Haishauriwi kujikondesha wakati wa ujauzito. Kinachoshauriwa ni kupunguza vinywaji vya sukari na vyakula vya kukaangwa, kuongeza mboga na mikunde, na kutembea.

Ushahidi wa tafiti

Jaribio linalotajwa mara nyingi kuhusu chakula cha ziada lilifanyika Gambia katika vijiji 28, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997. Wajawazito walipewa kila siku, kuanzia karibu nusu ya mimba, biskuti zilizotengenezwa kwa karanga zenye kilokalori zipatazo 1,000. Uzito wa watoto wakati wa kuzaliwa uliongezeka kwa wastani wa gramu 136. Katika miezi ya njaa ongezeko lilikuwa gramu 201, na baada ya mavuno gramu 94. Watoto waliozaliwa wafu nao walipungua. Matokeo hayo yalionyesha kwamba chakula cha kawaida kinachotokana na zao la kijijini hutosha kubadili uzito wa mtoto, na kwamba faida humwendea zaidi aliyepungukiwa.

Tanzania imechangia upande wa vitamini. Jaribio la Dar es Salaam lililochapishwa mwaka 1998, kwa wajawazito 1,075 wenye VVU, lilikuta kwamba vidonge vya vitamini mchanganyiko vilipunguza kuharibika kwa mimba na kuzaliwa kwa watoto wenye uzito mdogo. Jaribio lililofuata, lililochapishwa mwaka 2007, liliwahusisha wanawake 8,468 wasio na VVU. Wote walipata madini chuma na asidi ya foliki. Waliopewa pia vitamini B, C na E walizaa watoto wenye uzito mdogo kwa asilimia 7.8, wakilinganishwa na asilimia 9.4 kwa wengine. Idadi ya waliojifungua kabla ya wakati haikubadilika. Kidonge chenye virutubishi 15 kinachotokana na tafiti za namna hii kiliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Swali la bei liliguswa moja kwa moja katika jaribio la kalsiamu lililochapishwa mwaka 2024, lililowahusisha wanawake 11,000 nchini Tanzania na idadi kama hiyo nchini India. Kiwango kilichopendekezwa awali, miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku, kilihitaji vidonge vitatu au zaidi na kilikuwa ghali kwa serikali nyingi. Miligramu 500 zilionekana kutokuwa duni kuliko 1,500 katika kuzuia shinikizo la damu la ujauzito lenye protini kwenye mkojo, ambalo ndilo huzaa kifafa cha mimba. Kuhusu uzazi wa kabla ya wakati matokeo ya nchi hizo mbili hayakulingana.

Sera na huduma

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ndiyo husimamia utafiti na miongozo ya lishe. Urutubishaji wa unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula uliwekewa kanuni mwaka 2011. Viwanda vikubwa vya ngano na mafuta vilifuata, lakini mahindi mengi husagwa kwenye mashine ndogo za mtaani, na huko kirutubishi hufika kwa nadra. Mlaji wa kijijini, ambaye ndiye aliyelengwa, hukosa.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaojulikana zaidi kama TASAF, hutoa ruzuku kwa kaya maskini, na miongoni mwa masharti yake ni mjamzito na watoto wadogo kuhudhuria kliniki. Huduma za wajawazito katika vituo vya serikali kwa sera hazilipiwi, ingawa nauli na muda wa kusubiri bado ni gharama. Vijijini, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji huwakutanisha wazazi kupima watoto na kuonyeshwa upishi wa vyakula vya mahali hapo.

Nchini Marekani njia iliyofuatwa ni nyingine. Mpango unaojulikana kwa kifupi kama WIC, uliofungua kituo cha kwanza huko Pineville, Kentucky, mwaka 1974, huwapa wajawazito na watoto wa kipato cha chini haki ya kuchukua dukani vyakula vilivyotajwa kwa majina, kama maziwa, mayai, mikunde, mboga na matunda. Tanzania haina mpango wa namna hiyo kwa wajawazito wote maskini.

Baada ya kujifungua

Kunyonyesha huhitaji nishati zaidi kuliko miezi mingi ya ujauzito, takribani kilokalori 500 za ziada kwa siku, na sehemu yake hutoka katika akiba ya mafuta iliyowekwa wakati wa mimba. Hapa desturi huwa upande wa mama. Mzazi wa Uchagani hupikiwa mtori na nyama, wa pwani huandaliwa uji wa pilipili manga na mchuzi wa samaki, na katika siku zake arobaini husamehewa kuni na maji. Jirani ambaye hangeleta yai miezi miwili kabla huja na kuku mzima. Vidonge vya kuongeza damu huendelea kumezwa katika wiki hizo, hasa kwa mama aliyepoteza damu nyingi.